Kurugenzi ya Majuto

Ilikuwako nchi, na ingali iko, ila ukiuliza iko upande gani wa dunia utajibiwa kwamba swali lako limepokelewa na linashughulikiwa. Jina lake ni Jamhuri ya Ndivyo. Kaulimbiu yake imeandikwa juu ya mlango wa kila ofisi: NDIVYO ILIVYO. Mtu akisema "sivyo" hakamatwi; huo ni uzushi wa maadui. Anaelimishwa tu, na vituo vya kuelimishia vina kuta imara sana.

Wakulima wa Ndivyo walipendwa kuliko watu wote. Walipendwa katika nyimbo, katika noti za fedha na katika kalenda za benki, wakiwa wamebeba mihogo na kucheka. Walijengewa Wizara ya Mazao na Furaha ya Mkulima, jengo refu kiasi kwamba ukiwa ghorofa ya juu mkulima alionekana mdogo kama siafu. Lakini alionekana.

Katika jengo hilo Dismasi Lukoo alikuwa Mkurugenzi wa Furaha. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa bonde la Kitutwe, ambako watu wamelima vitunguu tangu jamhuri haijajipa jina, na mama yake alipofariki alichukuliwa na shangazi yake, Eufrasia, ambaye bonde zima lilimwita Shangazi Frasia, hata wale waliomzidi umri. Vitunguu vya Frasia ndivyo vilivyomsomesha Dismasi. Ada yake ilikuwa ikinuka vitunguu, na mhasibu wa shule aliipokea huku ameangalia pembeni.

Alikua akiiona lumbesa kwa macho yake. Gunia la shangazi likijaa, dalali aliliongezea vitunguu juu, akavifunga kwa wavu wa kamba, akaongeza tena, mpaka gunia likaota shingo na kichwa kama mtu. Kisha alililipa kwa bei ya gunia moja. Frasia alikuwa akisimama kando, mikono kifuani, akitazama kile kichwa cha gunia. Siku moja Dismasi, akiwa bado mtoto, alimuuliza kwa nini hakatai. Frasia akasema, "Nikikataa, mwanangu, hili gunia tutalibeba wapi?"

Swali hilo Dismasi alikwenda nalo chuo kikuu, akarudi nalo, akaingia nalo wizarani. Alipopata cheo akaandika Mageuzi Makuu ya Soko la Kitunguu. Lumbesa ikapigwa marufuku. Madalali wakapigwa marufuku. Kuuza kitunguu shambani nako kukapigwa marufuku, na kosa hilo likapewa jina la utoroshaji. Kila kitunguu cha Ndivyo kingepelekwa Ghala la Ukombozi, kipimwe kwa mizani ya kweli, kilipiwe bei ya kweli.

Nia yake ilikuwa safi. Na tuliseme hilo mapema, kwa sababu huko mbele halitamsaidia.

*

Akashuka Kitutwe kwa gari la wizara kuwapelekea ndugu zake habari njema. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Dismasi alizungumza vizuri. Aliwaonyesha picha ya mizani, na watu waliipitisha mkono kwa mkono kama picha ya harusi.

Ndipo akasimama Bi Tekla, jirani na rafiki wa Frasia wa tangu usichana, mjane mwenye ulimi usiojua mlango.

"Mwanangu, sisi hatujasomea mageuzi," alisema. "Niambie jambo moja tu. Serikali isipokuja kununua, tutakula kitunguu kwa mboga ya kitunguu?"

Watu wakacheka.

"Itakuja, mama," alisema Dismasi.

"Ikichelewa?"

"Haitachelewa."

"Wewe umejuaje? Hata mvua huchelewa, na mvua ni ya Mungu."

Jibu la swali hilo Dismasi hakupewa wizarani. Shangazi Frasia akainuka. Akakaza khanga kiunoni.

"Tekla, huyu nimembeba mgongoni. Vyungu amenivunjia. Mboga amenilia nikiwa shamba. Lakini uongo hajawahi kuniambia. Mimi vyangu napeleka, na napeleka wa kwanza."

Mkutano ukaishia hapo. Kitutwe, neno la Frasia halikuhitaji muhuri. Kesho yake punda, baiskeli na vichwa vya akina mama vikaanza kumiminika ghalani, Frasia mbele, Bi Tekla nyuma yake akinung'unika, lakini naye amebeba.

Dalali wa zamani, Mangushi, alikuja na lori lake kama kila msimu, akawakuta mgambo wamesimama njiani na virungu. Hakubishana nao. Alimwendea Dismasi, akavua kofia.

"Mkurugenzi, mimi nawaibia, sikatai," alisema. "Lakini nawaibia vitunguu vikiwa vizima."

Dismasi alimwambia zama za wezi zimekwisha. Mangushi akageuza lori. Watu wakashangilia, na Dismasi akasikia raha tumboni ambayo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Raha ile ile, baadaye, ilikuwa ikimrudia akila, na chakula kilikuwa hakipiti.

*

Ghala la Ukombozi lilikuwa jengo zuri. Lilikuwa na kasoro moja ndogo tu: lilikuwa halijazinduliwa. Utepe wa rangi za taifa ulizungushwa mlangoni. Madirisha yalifunikwa kwa turubai zenye picha ya Waziri, ambazo Waziri mwenyewe angezifunua. Mizani nayo ilifunikwa, kwa kuwa kanuni za Ndivyo zilisema mizani isiyozinduliwa haijui uzito. Vitunguu viliingizwa kwa mlango wa nyuma, mlango ukafungwa, na ufunguo akakabidhiwa Dismasi.

Waziri, Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Baltazari Shime, alikuwa nchi za mbali akihudhuria Kongamano la Kuzuia Uozo wa Mazao Baada ya Mavuno. Kongamano lilikwenda vizuri mno, likaongezwa muda. Lilipokwisha, wajumbe wakaona ni vyema wajifunze kwa vitendo, wakapelekwa kwenye milima ya theluji kuona jinsi vitu visivyooza.

Kitunguu hakijui kongamano. Kitunguu kinataka upepo. Kikirundikwa gizani kwenye joto huanza kutoa jasho, kikachipua, kikaoza, kikamwambukiza jirani yake. Watu wa Kitutwe walilijua hilo kama wanavyojua majina yao, na Frasia akaja mpaka kwenye nyumba ya wageni alikofikia Dismasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sikai, nimekuja na neno moja. Fungua madirisha tu. Usinunue, usipime, fungua tu vipate hewa. Na sisi wanawake tuingie tuvipindue, vilivyoguswa tuvitoe."

"Shangazi, vikishaingia ghalani vinakuwa mali ya mageuzi."

"Sawa, tutapindua mali ya mageuzi."

Dismasi akacheka kidogo. Ufunguo ulikuwa mfukoni, alikuwa anaushika wakati huo huo wakizungumza. Lakini alikuwa ameambiwa kwamba jina lake liko juu ya meza ya Rais kwa ajili ya unaibu katibu mkuu. Na kufungua dirisha lenye picha ya Waziri kabla ya Waziri kulifungua, katika Jamhuri ya Ndivyo, huitwa kuzindua kinyume cha sheria.

"Keshokutwa, shangazi," alisema. "Keshokutwa Waziri anafika."

"Umesema wewe," alisema Frasia, akaenda kuwaambia wenzake keshokutwa.

Keshokutwa ikafika, Dismasi akasema keshokutwa nyingine. Kila mara Frasia aliipokea, akaibeba, akaipeleka kisimani kwa wenzake kama mtu anayepeleka maji. Harufu ilipoanza kupita chini ya mlango, nzito na tamu, Dismasi akafungua mlango wa nyuma peke yake na kuchungulia. Aliona alichokiona. Akafunga, akampigia simu Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Evaristi.

"Mheshimiwa, vitunguu vimeanza kuchipua."

"Humo humo ghalani?"

"Ndiyo."

"Bila mvua? Bila mbolea?" Sauti ya Bwana Evaristi ilijaa furaha. "Dismasi, hayo ni mafanikio."

"Mheshimiwa, kitunguu kikichipua hakiuziki. Na vya chini vinaoza."

Katibu Mkuu akasema, pole pole, kama mwalimu mwema, "Neno hilo halimo kwenye mpango. Tafuta jingine."

Hapo, msomaji, Dismasi angeweza kukata simu. Angeweza kufungua mlango wa mbele, wa nyuma na madirisha, turubai zikaanguka chini na uso wa Waziri. Nusu ya vitunguu ingepona, na pengine Mangushi hakuwa mbali. Yeye mwenyewe amekwisha kuyafikiri hayo mara nyingi kuliko mtu yeyote.

"Vinalainika," alisema.

"Umeona?" alisema Bwana Evaristi. "Ndiyo maana jina lako liko mezani."

*

Waziri alifika akiwa na koti la baridi mkononi. Siku ya uzinduzi walichoma udi kwenye kila pembe ya uwanja, wakanyunyiza marashi, na bendi ya polisi ikaamriwa kupiga kwa nguvu, labda wakidhani harufu ni aina ya sauti. Mbele ya ghala pakapangwa vitunguu vikubwa, vyekundu, vinavyong'aa kwa mafuta. Vilitoka nchi jirani, vikanunuliwa asubuhi ile. Kwa Mangushi, maana ndiye pekee aliyekuwa na lori karibu.

Mheshimiwa Shime akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu wa Kitutwe! Kitunguu kina matabaka. Serikali hii haina matabaka! Kitunguu kinaliza. Serikali hii inafuta machozi! Tangu leo, kitunguu cha Ndivyo hakitamliza mtu yeyote, na atakayelia atakuwa amelia kwa sababu zake binafsi!"

Makofi. Mgambo walipita katikati ya watu kuwasaidia kupiga. Waziri akakata utepe, mlango ukafunguliwa, na wote waliokuwa safu ya mbele wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja, kama gwaride. Ndani, rundo lilikuwa limekaa chini, jeusi, likitiririka, na juu yake majani mabichi yamesimama wima. Mlango ukafungwa upesi.

Watu wa Kitutwe wakawa wameona. Bi Tekla alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini vumbini na khanga yake mpya.

Waziri alikuwa mwanasiasa mzoefu. Akamwekea Dismasi mkono begani, akauweka kwa uzito.

"Nasikia bonde hili lina mwana wake hapa. Kijana huyu nimemdhamini mimi kwa Rais. Akifanikiwa, ni wetu sote. Akishindwa..." akacheka ndani ya kipaza sauti, "tuna pa kumweka. Haya! Nataka mkulima wa kweli atuambie. Yule aliyeleta vitunguu wa kwanza, yuko wapi?"

Vidole vikamwelekea Frasia. Akapandishwa jukwaani. Alikuwa mdogo mbele ya kipaza sauti, ikabidi kiinamishwe. Alimtazama Waziri, akautazama ule mkono begani mwa Dismasi, kisha akamtazama Dismasi mwenyewe.

Dismasi hakumwambia neno. Hilo baadaye alitaka kujitetea nalo, kwamba hakumwambia neno. Lakini alimtazama, na shangazi aliyekulea hahitaji kuambiwa.

"Mama, mmefaidika, hamkufaidika?" aliuliza Waziri.

"Tumefaidika," alisema Frasia.

"Sema kwa sauti, mama, nchi ikusikie!"

"Tumefaidika, mheshimiwa. Tunashukuru."

Bendi ikalipuka. Frasia akatunukiwa toroli na khanga yenye sura ya Waziri, akatajwa Mkulima Bora wa Mageuzi. Aliposhuka na toroli lake watu walimpisha njia. Walimpisha njia pana sana. Bi Tekla, aliyekuwa bado vumbini, alimtazama mpaka akapita, kisha akageuka, akampa mgongo.

*

Vitunguu vikazikwa kwenye shimo nyuma ya ghala. Taarifa ya wizara ilisema vimewekwa katika hifadhi ya chini ya ardhi. Dismasi akawa Naibu Katibu Mkuu na kupewa zulia.

Kitutwe nako kukawa na mazungumzo, ila yalikuwa yakikatika Frasia anapotokea. Watu waliunganisha mambo. Nani alisema kijana hajawahi kudanganya? Frasia. Nani alitangulia na vitunguu vyake mbele ya wote? Frasia. Nani alileta zile keshokutwa kisimani? Nani alipata toroli? Basi walikuwa wamepanga, mtu na shangazi yake, tangu mwanzo. Vitunguu vya Frasia navyo vilioza shimoni pamoja na vyao, lakini wakasema hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya kuwapumbaza.

Frasia hakujitetea, maana kujitetea kungekuwa kumshtaki Dismasi. Na kilimo cha kitunguu hakiwezekani peke yako. Miche inahamishwa kutoka kitaluni kwenda kwenye matuta siku hiyo hiyo, kabla haijasinyaa, na wanawake wa bonde huenda shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu. Msimu mpya ulipokuja, zamu zilipangwa na shamba la Frasia halikutajwa.

Dismasi aliyajua haya alipokwenda kumsalimia na kumkuta anatoka kuteka maji kwenye kijito cha mbali, cha upande wa pili wa kilima.

"Kisima kimekauka?" aliuliza.

"Hakijakauka," alisema Frasia. "Kina watu wengi."

Dismasi akaelewa. Hakunywa chai aliyowekewa. Wiki ile ile akamwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, akasimama pale pale uwanja wa shule, bila gari la wizara, bila tai.

"Wananchi wa Kitutwe, mimi niliwadanganya," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli kweli. "Vitunguu viliponza... vilipooza, mimi nilijua. Ufunguo nilikuwa nao. Sikufungua kwa sababu nilitaka cheo."

Watu walikuwa hawajawahi kusikia kitu cha namna hiyo kutoka kwa mtu wa serikali, na hawakujua kinapokelewaje. Mwenyekiti naye hakujua, lakini alijua kazi yake. Akaruka wima.

"Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa Naibu Katibu Mkuu!"

Wakapiga. Walipiga kwa mpangilio, vizuri, kama walivyofundishwa na mgambo. Dismasi akapaza sauti, "Msinipigie makofi, nimewaibia!" na mwenyekiti akaongoza tena, kwa nguvu zaidi, akidhani hotuba imefika kileleni. Jambo la shangazi yake, kwamba hakujua kitu, akaondoka bila kulisema. Bi Tekla hakuwako mkutanoni. Alisema hotuba alizokwisha kusikia zinamtosha mpaka kaburini.

*

Habari ikafika wizarani, na Dismasi akaitwa na Waziri. Alikwenda akiwa ameaga nyumbani kwake. Alimkuta Mheshimiwa Shime amesimama mlangoni, mikono wazi.

"Dismasi! Umegundua jambo kubwa. Majuto! Hayaozi. Hayahitaji ghala. Hayahitaji mizani. Mkulima anayapokea papo hapo na kupiga makofi mwenyewe!"

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa natubu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Endelea kutubu, sasa kwa bajeti."

Ikaundwa Kurugenzi ya Majuto, Dismasi akiwa Mkurugenzi Mkuu. Akapewa magari, msemaji na hema. Kamati ya wataalamu ilikaa hotelini kutunga kauli rasmi, ikatoka na hii: "Serikali inasikitishwa na hali iliyojitokeza." Kwa hiyo Ndivyo nzima ikamjua mkosaji: ni Hali. Dismasi akazunguka nchi kuwaomba radhi wakulima wa pamba, wa kahawa, wa ufuta, na wa mazao ambayo serikali iliyaua kabla yeye hajazaliwa.

Mwanzoni alilia machozi ya kweli. Kila umati aliouona ulikuwa Kitutwe. Wizara ilipoona machozi yanafanya kazi ikamshonea leso yenye nembo. Akaendelea kulia. Akawa hodari. Akajua ni sentensi ipi ya kukatikia sauti na mahali gani pa kuinamisha kichwa. Mpaka siku moja, mbele ya wakulima wa karanga, katikati ya kilio, akajikuta anaangalia saa yake ya mkononi. Aliacha kulia ghafla, kama aliyemwagiwa maji. Watu wakadhani ni sehemu ya kilio.

Kisha ikatangazwa Wiki ya Majuto Kitaifa, na kwa heshima ya historia, ikaamuliwa izinduliwe Kitutwe.

*

Msafara uliingia bondeni asubuhi, ving'ora vikilia kwa huzuni, maana hata ving'ora vilikuwa vimerekebishwa. Barabara inapita kando ya mashamba. Kila shamba lilikuwa na wanawake wengi wameinama kwa safu, wakipanda na kuimba. Katika shamba moja alikuwa mtu mmoja tu. Toroli lilisimama kando yake limejaa miche, na miche ya juu ilikuwa imeanza kulala.

"Simamisha," alisema Dismasi.

Akashuka, akavua viatu, akaingia shambani na suruali ya suti. Mpiga picha akamkimbilia. Msemaji akapiga kelele kutoka barabarani, "Safi sana, mheshimiwa, inama kidogo, tupate na kilima!"

"Nendeni," alisema Dismasi.

"Tukusubiri kiasi gani?"

"Nendeni."

Wakaenda. Sherehe haikusubiri. Kauli ya majuto ilisomwa na Bwana Evaristi, na inasemekana alisikitika vizuri tu.

Frasia hakuinua mgongo. "Rudi kwenye magari yako, mwanangu, utachafuka."

Dismasi akachukua fungu la miche, akaanza kupanda kwenye tuta la pili. Wakapanda mpaka jua likakaza.

"Shangazi, kwa nini ulisema vile siku ile?"

"Nilikuona unameza mate. Ukiwa mtoto ukivunja chungu ulikuwa unameza mate vile vile."

"Ungesema kweli tu."

"Ningesema kweli wangekuchukua." Akatoa mche, akautazama mizizi, akauweka ardhini. "Wewe ndiye uliyekuwa useme, Dismasi. Kinywa ulikuwa nacho."

Dismasi akachukua mche mwingine.

"Kwa vitunguu sikulaumu," aliendelea Frasia. "Vitunguu huoza, hata vyangu huwa vinaoza. Nakulaumu kwa Tekla. Tekla tumeanza kubeba maji pamoja hatujaota matiti."

Ndipo akainuka kunyoosha mgongo, na Dismasi akaona alivyozeeka, akaona kwamba amezeeka mwaka ule mmoja.

Bi Tekla alikuwa anapita. Njia yake ya kwenda shamba la zamu ilikuwa ukingoni pale, na alizoea kuipita haraka, uso mbele. Dismasi akaacha miche, akamkimbilia na miguu yake yenye tope, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. "Usinililie," alisema. "Nasikia siku hizi unalipwa kulia."

"Sitalia."

"Basi nijibu. Ulipokuwa unatuletea keshokutwa zako, ulijua vinaoza?"

"Nilijua."

"Na Frasia alijua?"

"Hakujua kitu. Alinibembeleza nifungue madirisha, nikakataa. Alibeba maneno yangu akidhani ni ya kweli. Aliona siku ile mlango ulipofunguliwa, kama ulivyoona wewe, na pale jukwaani alisema vile ili nisifungwe."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, mama."

Bi Tekla akampita kama mtu anavyopita kisiki, akaingia shambani, akaweka jembe lake chini, akachota miche torolini. Akaanzia upande wa pili wa tuta, mbali na Frasia. Wanawake wawili wakapanda wakielekeana, na Dismasi akasimama ukingoni, hajui aende au abaki.

Walipokaribiana hadi vichwa kukaribia kugongana, Bi Tekla akasema bila kuinua uso, "Frasia, mstari wako umepinda."

"Tangu lini wewe ukaujua mstari?"

"Tangu ulipoanza kupanda na watu wa serikali."

Frasia akacheka. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mkono wa matope, na Bi Tekla akamshika bega wakakaa wote wawili juu ya tuta, juu ya miche waliyokwisha kuipanda.

Dismasi alifukuzwa kazi kabla wiki haijaisha. Sababu iliyotajwa ni kukosa majuto akiwa kazini. Hakurudi mjini. Yuko Kitutwe, analima kipande alichopewa na shangazi yake, na anajifunza. Ghala la Ukombozi limekuwa makumbusho. Mangushi amerudi na lori lake, na lumbesa imerudi pamoja naye, na safari hii gunia linaota kichwa na kofia. Dismasi husimama kando ya gunia lake kama wengine, mikono kifuani.

Frasia anateka maji kisimani na wenzake. Watu wa bonde wamekwisha kumsamehe Dismasi, au wamechoka, maana vitu hivyo viwili kwa mbali hufanana; wanamwita kwenye misiba na kumtania kuhusu zulia. Bi Tekla tu ndiye ambaye hajamwitikia salamu mpaka leo. Kila asubuhi wanakutana njiani, kila asubuhi Dismasi humwamkia, na yeye hupita. Frasia aliwahi kutaka kumsemesha rafiki yake juu ya jambo hilo, Dismasi akamzuia.

"Mwache, shangazi," alisema. "Katika nchi hii nzima, ni yeye peke yake aliyenitendea haki."